Mijusi wa Rodrigues Waliokula Tikiti Mezani

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, taa ikiwashwa jioni, mjusi kafiri hutoka mafichoni akapanda ukutani kuwinda mbu na nondo. Watu hawampendi. Watoto humfukuza kwa ufagio, na jina lenyewe alilopewa laonyesha kuwa hana heshima mbele ya wanadamu. Hata hivyo, msomaji asicheke akisikia ya kwamba habari yetu ya leo ni habari ya mijusi. Wako ndugu wawili wa mjusi kafiri ambao sifa zao zimeandikwa katika vitabu vya mataifa mengi, lakini hakuna mtu awezaye kuwaona tena, hata akiwa na fedha za kuizunguka dunia yote. Kwao kulikuwa katika kisiwa cha Rodrigues. Na twende huko, tuone jinsi walivyoishi na jinsi walivyokwisha.

KISIWA CHENYEWE

Rodrigues ni kisiwa kidogo katika Bahari ya Hindi, mbali upande wa mashariki ya Bukini, yaani Madagaska. Ni sehemu ya nchi ya Mauritius, lakini tangu mwaka wa 2002 kina baraza lake lenyewe liamualo mambo mengi ya watu wake. Kutoka Mauritius hata Rodrigues ni kama kilomita 600, na ndege huchukua muda wa saa moja na nusu hivi. Eneo la kisiwa ni kilomita za mraba 108 tu. Pemba yetu ni kubwa kuliko Rodrigues kama mara tisa. Kilele chake kirefu, Mont Limon, hakifiki mita 400. Kukizunguka kisiwa pande zote kuna mwamba wa matumbawe, na kati ya mwamba na nchi kavu kuna bahari tulivu yenye kina kifupi, ambayo eneo lake lapita eneo la kisiwa chenyewe.

Wakazi wake ni zaidi ya 40,000. Wengi wao ni wajukuu wa Waafrika na Wamalagasi waliochukuliwa utumwani na Wafaransa katika karne ya 18, wengine wao wakitoka pwani ya Msumbiji. Husema Kikrioli, hulima mahindi, maharagwe, vitunguu na pilipili ndogo kali, na maji yakipwa wanawake hushuka mwambani na vyuma vyao kutafuta pweza, kama wafanyavyo wenzao wa pwani yetu. Ngoma yao iitwayo sega tambour iliandikwa na UNESCO mwaka wa 2017 katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Kwa hiyo msafiri atokaye Afrika ya Mashariki haoni kuwa amefika ugenini kabisa.

Lakini watu hao wote wamefika juzi tu, ukilinganisha na umri wa kisiwa. Rodrigues ilizaliwa na moto wa volkano katikati ya bahari, wala haikupata kushikana na bara lolote. Kila kiumbe kilichoishi huko zamani kilifika kwa kuruka, au kwa kuogelea, au kwa kuchukuliwa na mkondo juu ya gogo. Simba hakufika, wala chui, wala ngedere, wala panya. Mnyama wa pekee mwenye manyoya alikuwa popo. Wengine wote walikuwa ndege, kobe wakubwa na mijusi, nao wakakaa vizazi visivyohesabika bila kumwogopa mtu yeyote, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwogopa.

MGENI WA KWANZA ALIYEANDIKA

Mabaharia wa Ulaya walikuwa wakikiona kisiwa hiki tangu karne ya 16, lakini aliyekaa na kuandika habari zake kwa urefu ni Mfaransa mmoja, François Leguat. Yeye alikuwa Mprotestanti, na mwaka wa 1685 mfalme wa Ufaransa, Louis wa 14, alipowaondolea Waprotestanti haki zao, Leguat akakimbilia Uholanzi. Kutoka huko aliingia jahazini pamoja na wenzake waliotaka kwenda kuanza maisha mapya katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Mwaka wa 1691 nahodha akawashusha Rodrigues, watu wanane kwa jumla, akaenda zake. Leguat alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 50, nao wenzake wengi walikuwa vijana.

Wakakaa miaka miwili. Walijenga vibanda karibu na kijito, wakapanda mbegu walizokuja nazo. Ngano haikufaa kitu, bali matikiti yalistawi sana. Nyama ya kobe haikuwaishia, maana kobe walikuwa wengi hata mtu angeweza kutembea juu ya migongo yao hatua nyingi bila kukanyaga ardhi. Palikuwa na ndege mkubwa asiyeruka, wa jamii ya njiwa, ambaye Wafaransa walimwita solitaire, maana yake mkaa pekee, kwa kuwa alipenda kutembea peke yake. Alikuwa ndugu wa dodo wa Mauritius.

Na palikuwa na mijusi. Leguat asema ya kwamba miti ya jamii ya mnazi ilijaa mijusi wazuri ajabu, urefu wao kama futi moja, na rangi zao zilikuwa mbalimbali: weusi, wa buluu, wa kijani, wekundu na wa kijivu, na kila rangi iling'aa sana. Chakula chao hasa kilikuwa matunda ya miti ile. Hawakumdhuru mtu. Wakati wa chakula walishuka mtini, wakapanda mezani, wakala tikiti mbele ya wenye meza, na mara nyingine walilia mikononi mwa watu. Tena aeleza jambo la kuchekesha: vijana walipowaangusha mijusi mtini kwa ufito, ndege wa jamii ya kulasitara walikuja mbio wakawameza hapo hapo miguuni pa watu, na tangu siku hiyo ndege hao wakawa wakiwafuata vijana kila mahali, wakingojea waangushiwe chakula kingine.

Usiku walitokea mijusi wa aina nyingine. Hao walikuwa wa kijivu, sura zao hazikupendeza, na ukubwa wao ulikuwa kama mkono wa mtu. Wataalamu wamewaita kwa Kilatini Phelsuma gigas, yaani jitu la ukoo wa Phelsuma, kwa kuwa alikuwa na urefu wa sentimita 40 hivi, naye alikuwa miongoni mwa wakubwa kabisa wa jamii yote ya mijusi kafiri duniani. Mijusi wa ukoo huu, mbali na kula wadudu na matunda, hunywa asali ya maua na kuchukua chavua ya ua hili mpaka ua lile kama wafanyavyo nyuki. Huko Mauritius uko mmea mmoja ambao maua yake hutegemea mjusi wa namna hii ili upate kuzaa. Basi mjusi wa Rodrigues hakuwa pambo la miti tu. Alikuwa na kazi yake shambani mwa Mungu.

WAGENI WASIOALIKWA

Leguat na wenzake waliondoka mwaka wa 1693 kwa mashua waliyoiunda wenyewe. Walifika Mauritius, wakafungwa na gavana wa Kiholanzi katika kisiwa kidogo, na baada ya taabu nyingi wachache waliosalia walirudi Ulaya. Kitabu cha Leguat kilitolewa mwaka wa 1708. Ndani ya kitabu hicho, pamoja na sifa zote za kisiwa, lipo lalamiko dogo ambalo wakati ule halikuonekana kuwa zito: panya walikula mbegu zao.

Panya hawakuumbwa Rodrigues. Walikuwa wamekwisha kuteremka kutoka merikebu zilizopita kabla ya Leguat, kwa siri, kama panya wanavyosafiri siku zote, ndani ya magunia na kamba. Mkulima yeyote mwenye ghala ajua tabia yao. Panya jike huchukua mimba majuma matatu tu, naye huzaa watoto sita, wanane, hata zaidi, mara nyingi kwa mwaka. Mjusi wa ukoo wa Phelsuma hutaga mayai mawili tu kwa wakati mmoja, huyabandika juu ya gome la mti au mwanya wa jiwe, akaenda zake. Kwa vizazi visivyohesabika kazi hiyo ilitosha, kwa sababu hapakuwa na pua ya kuyatafuta mayai hayo gizani. Panya alipofika, hesabu ikageuka: upande mmoja mayai mawili, upande wa pili jeshi lenye njaa.

Kisha watu wakataka kuponya ugonjwa kwa dawa iliyozidi ugonjwa. Katika karne ya 18 Wafaransa waliokaa Mauritius waliweka kituo Rodrigues kwa ajili ya kukusanya kobe. Watumwa wa Kiafrika na wa Kimalagasi walifanya kazi hiyo, na merikebu baada ya merikebu ilichukua kobe makumi ya maelfu, wapate kuliwa hospitalini na safarini. Panya walipowasumbua watu wa kituo, waliletwa paka. Lakini paka hachagui panya peke yake. Mjusi asiyekimbia, aliyezoea kupanda mezani pa watu, ni windo jepesi kuliko panya mwenye hila. Upole ule uliomfurahisha Leguat ndio uliokuwa mauti yake.

Juu ya hayo walikuja mbuzi na ng'ombe, wakala miche, na mioto ya kusafisha malisho na mashamba ikapanda vilimani mwaka hata mwaka. Miti ya jamii ya mnazi, iliyokuwa nyumba na ghala ya mijusi, ikapungua. Mwaka wa 1761 padri mmoja Mfaransa, Pingré, mjuzi wa nyota, alikuja Rodrigues kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Wakati wake solitaire alikuwa amekwisha kuwa habari ya kusimuliwa. Aliambiwa kuwa bado wapo, lakini ni adimu mno. Hakuonekana tena. Mwanzoni mwa karne ya 19 kobe nao walikuwa wamekwisha.

MAKIMBILIO YA MWISHO

Yule mjusi mkubwa wa usiku alitoweka katika kisiwa kikuu kabla ya mwenzake, ila alisalia kidogo katika visiwa vidogo vilivyomo ndani ya mwamba, kwa sababu maji yaliwazuia panya kwa muda. Mwaka wa 1842 mtaalamu mmoja wa Mauritius, Liénard, aliandika sifa za mijusi hao. Huo ndio ushuhuda wa mwisho tulio nao. Hakuna mwili wake hata mmoja uliohifadhiwa. Tunao maandishi na mifupa tu.

Yule mjusi mzuri wa mchana alidumu zaidi. Mwaka wa 1884 alipewa jina la kitaalamu huko London kwa heshima ya Edward Newton, ofisa wa serikali ya Mauritius aliyependa sana elimu ya viumbe. Miili michache ilipelekwa Ulaya, nayo ingali ndani ya chupa za makumbusho, rangi zake zimefifia kwa pombe. Wa mwisho kupatikana alikuwa wa mwaka wa 1917. Baada ya hapo wataalamu wametafuta mitini, mapangoni na katika visiwa vidogo, wasione kitu. Hapana mtu aliyeazimia kuwaua wote, wala hapakuwa na siku moja ya msiba. Walikwisha yai kwa yai, na kila mtu alikuwa na shughuli zake.

USHUHUDA WA MAPANGO

Lipo jambo moja lipasalo kuelezwa juu ya kitabu cha Leguat. Katika miaka ya 1920 msomi mmoja wa Marekani, Geoffroy Atkinson, alidai ya kwamba Leguat hakupata kufika Rodrigues, na kwamba kisa chote ni hadithi iliyotungwa. Nani angeamini habari za mijusi walao tikiti mikononi mwa watu?

Lakini Rodrigues ina mapango ya mawe ya chokaa upande wa kusini-magharibi, si mbali na uwanja wa ndege wa Plaine Corail. Tangu miaka ya 1860 watu walikuwa wakichimba humo, wakatoa mifupa ya solitaire, ya kobe, ya kulasitara na ya mijusi wakubwa. Vipimo vya mifupa hiyo vyapatana na maneno ya mzee yule. Hata uvimbe wa mfupa wa bawa la solitaire, alioueleza kuwa ni kama risasi ya bunduki, ambao ndege huyo aliutumia kupigana, umeonekana dhahiri. Wengi wa wataalamu wa leo wakubali kuwa Leguat alisema yale aliyoyaona. Ndivyo ilivyotokea kwamba viumbe waliokufa walimtetea mtu aliyewaandika walipokuwa hai.

PANYA ASIPOFIKA

Je, mijusi wa visiwa hivi wangekufa hata kama watu wasingaliwaletea panya na paka? Jibu lipo wazi, nalo liko kaskazini ya Mauritius, katika kisiwa cha mawe kiitwacho Île Ronde, yaani Kisiwa cha Duara. Eneo lake ni kama kilomita mbili za mraba tu, na pwani yake ni ngumu kwa mashua kutia nanga. Kwa bahati njema panya hawakupata makao huko. Mpaka leo wako mijusi wakubwa ambao Mauritius yenyewe iliwapoteza zamani, na mmoja wao, ndugu wa karibu wa wale wa Rodrigues, hufika urefu wa sentimita 30.

Lakini hata huko watu walikuwa wamepeleka mbuzi na sungura, nao wakala mimea hata udongo ukaanza kuporomoka baharini. Nyoka mmoja asiyepatikana mahali pengine duniani alionekana mara ya mwisho mwaka wa 1975. Ndipo kazi ikafanywa. Mbuzi wa mwisho aliondolewa mwaka wa 1979, na sungura mwaka wa 1986. Miche ikaota, mijusi wakaongezeka, na baadaye wengine wamechukuliwa kwenda kuanza upya katika visiwa vingine vidogo ambavyo panya wameondolewa.

RODRIGUES YA SASA

Watu wa Rodrigues wenyewe hawakukaa wakilia. Mwaka wa 1980 mwanafunzi mmoja alimpelekea mwalimu wake tawi la mti uliodhaniwa kuwa umekwisha kabisa, mti wa jamii ya buni. Ulikuwa mmoja tu, kando ya barabara. Ulizungushiwa ua, na mwaka wa 1986 vipandikizi vilipelekwa kwa ndege hata bustani ya Kew huko Uingereza. Huko walijitahidi miaka mingi kabla haujatoa mbegu zinazoota, na miche ikarudishwa kwao. Popo wa Rodrigues, ambao katika miaka ya 1970 walikuwa hawafiki mia, sasa ni maelfu mengi, kwa sababu miti imepandwa na kulindwa. Tangu mwaka wa 2012 wavuvi wamekubali kuacha kuvua pweza kwa majuma kadhaa kila mwaka, ili pweza wapate kukua na kuzaa.

Karibu na yale mapango kuna hifadhi iliyofunguliwa mwaka wa 2007, yenye jina la François Leguat. Kobe kutoka Aldabra na Madagaska wameletwa humo wakae mahali pa kobe waliokwisha, na miti ya asili imepandwa kwa maelfu. Mgeni aingiapo humo aona kobe wakitembea chini ya miti, kama Leguat alivyowaona, ijapokuwa si wale wale. Lakini akiinua macho kutazama matawi, hatawaona mijusi wale. Miti imerudi, kobe wa nchi nyingine wamekuja, nafasi ya mjusi i wazi. Mti mmoja uliobaki uliweza kuzidishwa, na popo wachache waliweza kuzidishwa. Karani yeyote ajua kuwa sifuri haizidishwi.

NENO KWETU SISI

Habari hii si ya mbali kama idhaniwavyo. Katika kisiwa cha Pemba, juu ya migomba na minazi, yuko mjusi wa kijani kibichi wa ukoo ule ule wa Phelsuma. Yeye ni wa Pemba tu; hakuna nchi nyingine duniani aliko kwa asili. Watu humwona kila siku, na kwa hiyo hawamwoni. Hata Rodrigues mijusi walikuwa wengi, nao walikuwa mezani.

Na tabia ya kualika mgeni bila kufikiri haikuwa ya Wafaransa peke yao. Katika miaka ya 1890 kunguru wa Bara Hindi waliletwa Unguja ili wale takataka za mji. Leo wamejaa pwani yote, hula mayai na makinda ya ndege wadogo na vifaranga vya wakulima, na kuwaondoa ni kazi yenye gharama isiyokwisha.

Basi mkulima aonaye mnyama au mmea mgeni akisifiwa kuwa utafaa, na aulize kwanza: utakula nini, na nani atauzuia? Naye mwenye mashua aendaye visiwa vidogo na atazame magunia yake kabla ya kutweka tanga. Kukagua gunia ni kazi ya dakika chache. Kumtoa panya aliyekwisha kuzaa kisiwani ni kazi ya miaka, na kumrudisha mjusi aliyekwisha ni kazi isiyo na fundi.